Nilivyoisoma Barua ya Mjomba

Wengine wakisimulia mapenzi yao huanza na macho ya mwanaume, na kosa lao wanalificha mpaka mwisho, kama mwanamke anayefukia nyama chini ya mboga ya sombe akiona wageni wanakuja. Mimi naanza na kosa. Macho mtayapata, msiwe na haraka. Yalikuwa macho mazuri, na ninayakumbuka vizuri kuliko inavyofaa kwa mtu wa umri wangu.

Kosa lenyewe ni hili. Mdogo wangu Heri alikuwa na siku chache za kuchagua masomo atakayoendelea nayo, na mimi dada yake niliyemlea nilizitafuna siku hizo moja moja, kama karanga. Nilizitafuna kwa sababu kila siku iliyopita bila kuchagua ilimleta mwalimu Pacifique barazani kwetu.

Ilikuwa Kasongo, mwaka wa 1956, kiangazi kimeanza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikwisha kuolewa na kuachwa, kabla hata sijajua mume wangu anapenda chumvi kiasi gani, nikarudi nyumbani kwa marehemu baba, katika mtaa wetu wa Waislamu. Tulikuwa watatu: mimi, Heri, na Bibi Hawa, mama yake mama yetu, ambaye watu walisema ni kiziwi. Alikuwa kiziwi wa kutumwa maji. Wa maneno ya watu hakuwa kiziwi hata kidogo.

Heri alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa wa kwanza darasani kwa mapadri. Mwalimu wake ndiye huyo Pacifique, Mkristo wa kutoka Wamaza, mrefu, shati jeupe siku zote, na kinga yake nyeusi, maana baiskeli sisi tunaiita kinga. Alianza kuja ili amsaidie mtoto kuchagua. Milango ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa hapa hapa Kasongo: masomo ya walimu kwa mapadri, lakini mtoto aingie katekisimo kwanza, abatizwe. Wa pili ulikuwa mbali, Bukavu: masomo mapya ya serikali, ambako hawakuuliza mtoto anasali wapi. Kwa huo wa pili palitakiwa karatasi, na karatasi ilitaka sahihi, mkono wa mwanaume mkubwa wa ukoo, na ilipaswa ifike Bukavu kabla mwezi wa sita haujaisha.

Baba alikuwa amekufa, na mama kabla yake. Mwanaume mkubwa alikuwa Mjomba Bulaimu wa Kabambare, mtoto wa kwanza wa Bibi Hawa. Kwetu mtoto hapandi hata mlima bila mjomba kujua. Nikamwandikia. Nilimwandikia kwa herufi za Kiarabu, kama watu wa mtaa wetu walivyozoea kuandika Kiswahili chao, kwa kuwa mjomba hakujua nyingine. Baba alikuwa mwandishi wa barua za watu sokoni, akanifundisha mimi kuzisoma na kuziandika. Heri alitolewa mapema kwenye chuo cha Kurani akapelekwa kwa mapadri, na mkono wa mtu aliyeandika kwa haraka hakuuweza. Pacifique hakujua hata alifu.

Jibu lilifika siku Pacifique amekaa pale barazani na kikombe cha chai. Heri akaniletea mbio. Wote wawili wakanitazama mdomo. Niliisoma kwanza kimya, mpaka mwisho. Kisha nikaisoma kwa sauti, na nilichokisoma kwa sauti hakikuwemo.

"Mjomba anasalimu sana," nikasema. "Anasema tungoje. Bado anafikiri."

Basi. Maneno machache, na ulimi haukuniuma. Heri akasema, "Ee, Mjomba ni mtu wa kufikiri." Pacifique akasema, "Basi nitapita kesho, kama kutakuwa na neno." Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi.

Akapita kesho. Akapita kesho kutwa. Alikaa kwenye kigoda kile kile, akimweleza Heri habari za Bukavu, ziwa lake na baridi yake, na mimi nilichambua mchele mbele yao mpaka mchele ukakosa hata jiwe moja. Nikiinua macho, namkuta ananitazama. Akiona nimemwona, anamuuliza Heri mji mkuu wa nchi fulani. Mtoto alijua miji mikuu mingi sana mwezi ule.

Siku ya kumi na nane, Heri aliniambia wakati nampakulia, "Dada, kama Mjomba hajibu, Jumatatu ijayo naanza katekisimo. Sitaki kukaa bure mwaka mzima."

"Lakini moyo wako unataka?" nikamuuliza.

"Moyo wangu unataka Bukavu," akasema. "Lakini Mjomba anafikiri."

Nilimwongezea mchuzi. Ndicho nilichofanya, nilimwongezea mchuzi.

*

Siku ya ishirini na mbili ilikuwa Ijumaa. Kesho yake alfajiri kamyo, yaani lori la posta, ilikuwa inaondoka kwenda Bukavu kwa njia ya Kabambare, na hakukuwa na nyingine mpaka mwezi wa saba.

Pacifique alifika jua limeanza kulegea. Bibi Hawa alikuwa kwenye mkeka wake.

"Jambo, Bibi."

"Jambo sana, mwalimu. Leo tena? Hata homa inamwacha mtu siku moja apumzike."

"Nakuja kwa ajili ya mtoto, Bibi."

"Ndiyo, ndiyo. Lakini mume wangu hayuko, amekwenda mtoni." Mume wake ni Heri, ndivyo bibi anavyomtania mjukuu wake kwetu. "Kaa. Mke mwenzangu atakupa chai." Mke mwenza ni mimi.

Nikamletea chai. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, vidole vyake vikagusa vyangu, na hakuna aliyesema samahani. Kisha akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne.

"Nimekuletea kitu," akasema kwa sauti ya chini. "Usicheke."

Nikaifungua. Ilikuwa na neno moja tu, kwa herufi za Kiarabu. Fe ilikuwa na kichwa kikubwa kama boga, na nukta ya mwisho ilikuwa imeruka mbali kama kuku aliyefukuzwa. Lakini lilisomeka. Lilikuwa jina langu: Feza.

Sikucheka.

"Nani amekufundisha?"

"Mzee Yakubu, wa chuo. Juma ya tatu sasa. Asubuhi kabla ya darasa nakaa mkekani pamoja na watoto wadogo. Iko mmoja wa miaka sita, ndiye ananisahihisha. Ananiambia, 'Weye mutu mkubwa, kichwa chako kigumu.'"

"Na mapadri wakijua?"

"Wakijua watajua."

"Kwa nini unafanya hivi, mwalimu?"

Akanitazama. Haya sasa, macho ndiyo haya. Yalikuwa meusi na hayakuwa na haraka, na mtu akitazamwa nayo alijiona ameulizwa swali ambalo jibu lake analo tangu zamani.

"Kuna mambo nataka kukuambia," akasema. "Kwa herufi za shule yanakuwa kama ripoti. Nilitaka nikuandikie kwa zile ulizofundishwa na baba yako."

Mkekani, kiziwi wetu akakohoa.

Nilipaswa kuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Kasongo nzima. Badala yake nilitaka ardhi ipasuke. Na ikawa mbaya zaidi, kwa sababu Pacifique akacheka kama mtoto aliyepewa kisu kipya, akasema, "Sasa nipe barua ya Mjomba. Nijaribu kuisoma. Nikikosea, unanipiga kofi."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeoga na kupaka mafuta: barua imelowa, barua imeungua, barua imeliwa na panya. Lakini nilisema, "Ngoja nikuletee," nikaingia ndani.

Sandukuni mlikuwa na barua mbili za mjomba. Moja ni hiyo. Nyingine ilikuwa ya mwaka wa nyuma, ya salamu na habari za mavuno ya mpunga. Nilizishika zote mbili. Ningempa ya mpunga, angehangaika na mpunga mpaka magharibi, tungecheka, na kesho kamyo ingepita. Ningeweza. Msiniambie nisingeweza, mimi ndiye niliyekuwa pale.

Nikaona shati la Heri limetundikwa kwenye msumari. Alilifua mwenyewe kwa ajili ya Jumatatu. Na mfukoni kilichungulia kitabu kidogo cha katekisimo, kipya, bado kimenyooka. Mtoto alikuwa anakwenda kubadili dini ya baba yake, si kwa kuwa ameamini, bali kwa kuwa dada yake anapenda kumtazama mwalimu akinywa chai.

Nilirudi na barua ya kweli. Nikampa. Nikakaa chini, mikono mapajani, kama mtoto anayengoja fimbo.

Alisoma polepole, kidole kinatambaa kutoka kulia. "Kwa... mwa-na-ngu... Feza!" Lile alilijua. "Sa-la-mu... nyi-ngi." Akaniangalia kutaka sifa. Nikaitika kwa kichwa. "Ba-rua ya-ko... ni-me-i-pa-ta. Ni-me... ni-me-ku... ni-me-ku-ba-li."

Akasimama hapo. Bado alikuwa anatabasamu. Alidhani ni kosa lake.

"Hapa nimeharibu. Inasoma 'nimekubali.'"

"Hukuharibu," nikasema. "Endelea."

"Nimekubali. Mu-to-to... a-e-nde... Bu-ka-vu." Tabasamu lilikuwa linatoka usoni kidogo kidogo, kama maji yanayokauka juu ya jiwe. "A-si-ba-ti-zwe kwa... a-ji-li ya... ka-la-mu. Le-te-ni ka-ra-ta-si... u-pe-si... ni-ti-e mu-ko-no."

Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nilisikia ndoo inawekwa chini, taratibu sana, bila kumwaga hata tone. Heri alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Sijui alikuwa pale tangu neno gani. La kutosha lilikuwa limefika.

"Dada," akasema. "Barua hiyo ni ya lini?"

"Ni ile ile."

"Ile ya 'bado anafikiri'?"

"Ile."

Alikuwa anahesabu kwa midomo. "Siku ishirini na mbili."

"Ndiyo."

"Jumatatu nilikuwa naenda kwa mapadri."

"Najua, Heri."

"Ulijua. Na ulikuwa unanipikia." Sauti yake ilivunjika hapo, ilikuwa sauti ya mwanaume tangu mwaka mmoja tu, bado haijazoea. "Kila siku unanipikia, unaniambia kula baba, na unajua."

Kama angenitukana ingekuwa nafuu. Nilinyoosha mkono, akarudi nyuma hatua moja.

Pacifique alikuwa bado ameshika barua. "Kwa nini, Feza?" Hakuniita Mama Feza, wala dada ya Heri. "Mimi nimekaa hapa kila siku. Nimekuuliza kila siku, 'Mjomba amejibu?' Ukanitazama hivi, usoni, ukasema bado. Kwa nini?"

"Soma mpaka mwisho," nikasema. "Iko na mwisho."

Akainamia karatasi tena. Sasa hakuwa mwanafunzi anayecheza, alisoma kama mtu anayechimba. "Na we-we Feza... mu-to-to a-ki-o-ndo-ka... ha-ku-na... sa-ba-bu ya ku-kaa Ka-so-ngo. Fa-ra-dji... mwe-nye du-ka... a-me-u-li-za ha-ba-ri... za-ko. Ni mu-tu mwe-ma. U-je."

Alimaliza. Alikunja barua kwa mikunjo yake ya zamani, mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu mkubwa, akaiweka juu ya kigoda. Jirani alikuwa anatwanga, na kila mchi ulipotua nilihisi unatua kwangu.

"Ndiyo hiyo sababu," nikasema. "Heri akienda Bukavu, miye naenda Kabambare. Nilitaka siku moja zaidi. Kisha nyingine moja. Sikuwa na nia ya kumwibia mtoto mwaka mzima, nilimwibia siku moja tu, mara ishirini na mbili."

Pacifique akafunika macho kwa kiganja. "Na mimi ni mwizi pia," akasema.

"Weye huna kosa."

"Ninalo. Kinga ninayo. Kabambare kwa kinga ni siku mbili, kwenda na kurudi. Mwalimu wa kweli angeondoka Jumamosi moja, amuulize Mjomba mwenyewe, arudi. Nililifikiria jambo hilo juma ya kwanza. Nikajiambia, nikienda, nikirudi na jibu, nitakuja hapa kwa sababu gani tena? Nikakaa. Nikanywa chai."

"Nyote wawili mulinywa chai," Heri akasema. "Miye ndiye sukari."

Mkekani Bibi Hawa akajigeuza. "Miye nilijua," akasema.

Tukamgeukia wote.

"Bulaimu nilimzaa mwenyewe. Hajawahi kusema 'ngojeni' kwa ukurasa mzima. Mutu wa maneno mengi vile, halafu barua yake inasomwa kwa pumzi moja? Nilijua siku ile ile."

"Bibi! Na ukanyamaza?"

"Ningesema, nani angekuja kukaa na miye kila jioni?" Akakwepa macho ya Heri. Ndiyo mara pekee nilimwona bibi yangu anaona haya. "Nisamehe, mume wangu. Tulikula siku zako sote. Sasa acheni kulia, kamyo inaondoka lini?"

Na hapo ndipo tulipozinduka. Kamyo ilikuwa alfajiri. Ilipita Kabambare, ikashusha mifuko ya posta, ikaendelea. Mtu akienda nayo na karatasi, mjomba akatia mkono pale pale, karatasi ikapanda tena, ingefika Bukavu kwa wakati.

"Naenda miye," Heri akasema.

"Kesho ni mtihani wa mwisho," Pacifique akamjibu. "Ukiukosa, hata Bukavu hawatakutaka. Na mimi ndiye ninayeusimamia." Nilimwona anatafuta mtu mwingine Kasongo nzima, jirani, rafiki, mpita njia, na nilijua kwamba kila anayempata anamkataa, kwa sababu mjomba hangetia mkono kwenye karatasi iliyoletwa na mtu asiyemjua.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

"Ukifika huko, hawatakuacha urudi."

"Najua."

"Feza..."

"Andika karatasi, mwalimu. Jua linazama."

Akaandika juu ya goti lake, kwa herufi za shule, jina la Heri, mwaka wa kuzaliwa, jina la baba. Mkono wake ulikuwa mzuri kwa herufi hizo. Alipomaliza alinipa, na sote wawili tuliishika karatasi ile pande mbili, muda mrefu kuliko uzito wake. Moyo wangu ulikuwa unamwambia: sema nisiende. Sema neno moja, nami nitaichana.

Alijua. Hakuna mwanaume aliyepata kunisoma kama yule, na kwa herufi yoyote.

"Kamyo inaondoka saa kumi na mbili kamili," akasema. "Usichelewe."

Akapanda kinga yake akaenda. Usiku ule nilimchukia kwa sababu ya maneno hayo, na sikuwa nimempenda vile tangu nilipomfahamu.

*

Asubuhi Heri alinibebea mzigo mpaka posta. Alitembea hatua mbili mbele yangu njia yote. Nilikuwa nimefunga karatasi kwenye pindo la kikwembe nilichojifunga, na kila baada ya nyumba tatu nilikuwa naipapasa.

"Heri," nikamwambia tulipofika, "sikuombi unisamehe leo."

"Vizuri," akasema, "maana leo siwezi." Akanipandishia mzigo, akaufunga kamba vizuri, akajaribu fundo mara mbili. "Umwambie Mjomba aangalie mstari wa chini. Si ule wa juu. Wa juu ni wa serikali."

"Nitamwambia."

"Na ule njiani. Mihogo iko kwenye kitambaa."

Akaenda kwenye mtihani bila kugeuka.

Kamyo ilipita mbele ya shule. Watoto walikuwa wamepanga mstari uani, na Pacifique amesimama mbele yao, mgongo wake barabarani. Alisikia injini, nani asiyeisikia, ilikohoa kama mzee wa tumbaku. Hakugeuka. Mikono aliifunga nyuma, na nikaona vidole vya mkono mmoja vikibana kifundo cha mkono wa pili, vinabana kama mtu anayemzuia mwingine asikimbie. Angegeuka, ningeruka chini, na ningevunjika mguu, na Heri angekuwa nani leo?

Tulifika Kabambare jua limepita utosini, mimi mwekundu wa vumbi mpaka kope.

"Mama," dereva akaniambia, "nashusha mifuko, nakunywa maji, naondoka. Sikungoji."

Nilikimbia. Mjomba Bulaimu alikuwa amekaa mlangoni kwake anashona mfuko wa chumvi uliopasuka. Alisimama, akafungua mikono. "Feza! Umekuja! Karibu, karibu, mama, maji ya kuoga..."

"Mjomba, karatasi kwanza. Kamyo iko inaondoka."

"Karatasi gani?"

"Ya Heri. Ya Bukavu."

Alichukua kalamu sikioni, kisha akasimama. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hakuwa mjinga. "Hii nilijibu siku nyingi. Mbona inakuja leo, na weye mwenyewe juu ya mifuko, kama muhogo?"

Kule chini dereva akapiga honi.

Uongo ulikuwepo tena, ule ule, haufi. Ningesema barua ilichelewa. Ningesema mapadri walikataa. Mjomba angeamini, na ningeingia nyumbani mwake mwanamke safi, na Faradji mwenye duka angenikuta safi.

"Barua yako ilifika, Mjomba. Niliisomea watu maneno mengine. Nilisema umesema tungoje. Nilidanganya kwa jina lako siku ishirini na mbili, mpaka mtoto akataka kubatizwa."

Uso wake ulizimika. "Weye? Mtoto wa dada yangu? Kwa sababu gani?"

Honi tena.

"Kwa sababu ya mwanaume."

"Mwanaume gani?"

"Mwalimu wake. Mkristo. Wa Wamaza." Nilikuwa nalia, na vumbi lilikuwa linageuka matope mashavuni. "Lakini mtoto hana kosa, Mjomba. Kosa lote ni langu. Tia mkono kwanza, kisha unipige."

Alinitazama, sikujua kama Kabambare wana muda mrefu namna ile. Kisha akaweka karatasi juu ya mlango, kama mtu anayeandika ukutani, akaandika jina lake kutoka kulia kwenda kushoto, kwenye mstari wa chini, herufi nzuri za zamani zenye mikia mirefu. Hakunirudishia. Aliinua kanzu yake kwa mkono mmoja akakimbia nayo mwenyewe mpaka barabarani, mzee wa miaka sitini, kiatu kimoja kikabaki njiani. Nilimwona anaigonga kamyo ubavuni, anampa dereva karatasi, anamwonyesha kidole, anarudia, anamwonyesha tena. Kamyo ikaondoka na vumbi lake. Karatasi ya Heri ilikuwa imekwenda Bukavu.

Mjomba alirudi polepole. Aliokota kiatu chake, akakikung'uta. Alinipita pale nilipokuwa nimesimama, akaushika mlango ukiwa wazi, na hakunitazama usoni.

"Ya mtoto imekwisha," akasema. "Ingia ndani ukae. Ya kwako ni ndefu."

Nikanawa miguu, nikaingia.